Mwalimu Haykuhi Torosyan, Aliyetuonyesha Safu Zilizo Wazi

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mwalimu Haykuhi Torosyan anastaafu baada ya kuwafundisha watoto wa Gyumri, Armenia, sataranji kwa miaka thelathini na sita. Alianza kazi mji ukiitwa Leninakan, vifusi vya tetemeko la ardhi vikiwa bado barabarani. Anaondoka watoto wa wanafunzi wake wa kwanza wakiwa wamekaa kwenye madawati yetu, na baadhi yao wana uvivu uleule wa baba zao.

Darasa lake la kwanza lilikuwa kontena la chuma. Wakati huo nusu ya mji ilikuwa ikiishi kwenye makontena, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu klabu ya sataranji kuwa humo. Katikati palikuwa na jiko la kuni, na kila mtoto alitakiwa kuja na kipande cha kuni chini ya kwapa. Mmoja alileta mguu wa meza ya bibi yake. Bibi akaufuata mguu wake mpaka klabuni, akakuta umeshashika moto, akaketi kuota moto huo huku akigomba. Mwalimu Haykuhi akampa kahawa, na kabla ya jua kuzama yule bibi alikuwa ameshajua farasi anavyotembea.

Mimi nilijiunga naye mwaka 1991 kama msaidizi wake, na nimekaa chumba kimoja naye tangu hapo. Niseme ukweli: si mtu rahisi. Hufika mapema kuliko sote, kisha hutazama saa kila mmoja wetu anapoingia. Hakubali dirisha lifunguliwe hata mwezi wa nne, theluji ikiwa imeshayeyuka. Mtoto akitupa kete kwa hasira, Mwalimu humtazama tu, mpaka mtoto mwenyewe anainama kuitafuta chini ya meza.

Lakini ukitaka kumjua Haykuhi Torosyan, ingia darasani siku anayofundisha safu. Somo hilo hakumwachia mwalimu mwingine hata siku moja.

Huanza kwa kupitisha kidole ubaoni. Safu, huwaambia watoto, ni huu mstari wa visanduku vinane unaotoka kifuani kwako na kwenda moja kwa moja mpaka kifuani kwa mwenzako. Mchezo unapoanza safu zote zimezibwa, kwa sababu kila moja ina askari wako na askari wake. Ngome zako zimo pembeni, zimekaa kama wageni waliofika harusini kabla ya chakula kuiva. Zina nguvu nyingi ila hazina pa kupita.

Kisha huondoa askari wawili wa safu moja, mweupe na mweusi. "Hii sasa ni safu wazi. Haina askari wa yeyote. Ni ya nani?"

"Yangu," watoto huitikia wote, kila mmoja akijipigia kifua.

"Ni ya atakayeiwahi. Leta ngome yako hapa kabla mwenzako hajaleta yake. Ukiweza, iweke na ya pili nyuma yake, zisukumane. Ngome ikipanda mpaka karibu na mwisho wa safu, imeshaingia jikoni kwa watu."

Halafu humrudisha askari mweusi peke yake. Hiyo ndiyo safu nusu wazi. Kwako wewe uliyeondokewa na askari, njia ni nyeupe. Kwa mwenzako bado imezibwa na askari wake mwenyewe. Ngome yako inamwona yule askari kutoka mbali, na mwenzako analazimika kumlinda.

"Na akimlinda vizuri?" Kila mwaka yuko mtoto anayeuliza hivyo.

"Mwongezee mshambuliaji wa pili. Naye ataleta mlinzi wa pili. Sasa kete zake mbili nzima zimegeuka walinzi wa askari mmoja. Anayelinda kutwa hachezi. Nenda kacheze upande mwingine."

Na mtoto akilalamika kwamba katika mchezo wake safu zote zimezibwa, jibu lake ni lilelile: safu haifunguki kwa kuombewa, lazima askari wako akubali kula au kuliwa. Watoto wasiotaka kupoteza askari hata mmoja aliwaita matajiri wa kontena.

Somo hilo ndilo lililotupeleka mji mkuu, Yerevan, katika miaka ya giza, umeme ukija saa moja kwa siku au usije kabisa. Timu yetu ya wasichana ilifanya mazoezi kwa mwanga wa mishumaa, mikono imo ndani ya glavu zilizokatwa ncha za vidole. Kwenye mashindano ya watoto, Shoghik wetu wa miaka kumi alipangiwa binti aliyekuwa na kocha wake binafsi na funguzi zote za mchezo kichwani. Shoghik hakujua ufunguzi hata mmoja kwa jina. Alichojua ni kwamba ana safu nusu wazi na kwamba mbele yake yuko askari mpweke. Akaweka ngome ya kwanza, akaweka ya pili, akakaa. Mwenzake akajaza walinzi upande ule mpaka mfalme wake akabaki hana mtu upande wa pili, na huko ndiko Shoghik alikopita na malkia. Tulirudi Gyumri wa pili kwa nchi nzima, ndani ya basi lisilo na kioo cha nyuma, tukila mkate na jibini na kuimba. Mwalimu Haykuhi haimbi vizuri. Siku hiyo hakuna aliyemwambia.

Sasa nifike kwa Zaven. Mwalimu ameniruhusu nimwandike hapa. Alisema tu, "Usimfanye malaika, Nazeli. Atacheka huko aliko."

Zaven Torosyan, mumewe, alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, mcheshi hata kwa vipimo vya Gyumri, mji wa wacheshi, na mchezaji mbovu wa sataranji kuliko wote niliopata kuwaona. Hakuhamisha ngome zake kamwe. Ukimuuliza alijibu kwamba ni mali ya urithi, anaogopa zisije zikachafuka. Jioni alikuja kumchukua mkewe klabuni, akasimama mlangoni akisikiliza somo la safu huku akikung'uta theluji kofiani.

"Haykuhi jan, mpenzi wangu," alisema siku moja mbele ya darasa zima, "wenzako wanawafundisha watoto kusoma na kuandika. Wewe unawafundisha kutazama mahali pasipo na kitu."

"Pana njia," akajibu mkewe.

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda kwa jirani, kumnyang'anya chakula. Ingia ufunge mlango, unawapigisha watoto baridi."

Ujenzi uliposimama mjini, wanaume wa Gyumri walianza kwenda Urusi kila theluji inapoyeyuka na kurudi inapoanza tena kuanguka. Zaven alikwenda Saratov. Miaka ya mwanzo alirudi kila majira ya baridi, na siku aliyofika majirani wote walialikwa supu ya makongoro alfajiri. Akiwa kule, wao wawili walicheza sataranji kwa simu. Kila Jumapili alipiga, na kila Jumapili walitajiana hatua moja au mbili kabla laini haijakatika. Mchezo mmoja ulichukua majira mazima. Binti yao, Lusik, ndiye aliyehamisha kete za baba yake ubaoni, akiwa amepiga magoti juu ya kiti.

Mwaka 2001, Jumapili moja ya mwezi wa tisa, Zaven alitaja hatua ambayo Haykuhi alimwomba airudie. Alikuwa amepeleka ngome yake kwenye safu iliyo wazi. Kesho yake Mwalimu aliingia klabuni akatusimulia sote, watoto kwa wakubwa, huku akionyesha kwa vidole ngome ilikotoka na ilikokwenda. Sikuwa nimepata kumwona na furaha ya namna ile hata tuliporudi kutoka Yerevan.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala iliyofuata.

Majira ya baridi yalifika na wanaume wakarudi. Wenzake Zaven walisema alihamia kikosi kingine, hawajui wapi, na walisema hivyo wakitazama pembeni. Mji wetu ni mdogo na midomo ni mingi. Ilisemwa kwamba ameoa Mrusi. Ilisemwa kwamba ana mtoto huko. Sokoni mwanamke mmoja alimwambia waziwazi, "Haykuhi, usijizeeshe bure. Wangu pia alikwenda hivyohivyo."

"Huenda," alisema Mwalimu, akaendelea kuchagua viazi.

Ubao wao ulikaa juu ya kabati kwa wiki kadhaa, kete zikiwa zimesimama palepale. Kisha siku moja akauleta klabuni ndani ya mfuko, akamwaga kete mezani. Tulikuwa na upungufu. Watoto wawili walikuwa wanacheza na vifuniko vya chupa badala ya ngome. Nilimuuliza kama ana hakika.

"Mchezo ninao kichwani," akaniambia. "Kete ni za watoto."

Hakulia mbele yetu. Nilichokiona ni kwamba kila majira ya baridi alikwenda kununua mkate kwa kupitia stendi ya mabasi, na stendi haipo njiani. Alisimama kidogo kando ya mabasi yanayotoka Urusi, akatazama wanaume wakishuka na mabegi yao ya mistari, kisha akaendelea na safari yake ya mkate. Lusik alipokuwa msichana mkubwa alianza kwenda naye. Baadaye akaacha. "Mama, mimi siwezi tena," alimwambia. Mwalimu akamwambia ni sawa, akaenda peke yake. Alifanya hivyo miaka mitano, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo klabuni. Somo la safu aliendelea kulifundisha kwa sauti ileile. Sisi watu wazima ndio tuliotazama sakafu alipofika kwenye ngome.

Mwaka 2006 mzee mmoja aitwaye Arshavir alimleta mjukuu wake kuandikishwa. Akaketi nyuma kumsubiri. Siku hiyo lilikuwa somo la safu. Mwalimu alipofika pale pa wageni waliofika harusini kabla ya chakula kuiva, Arshavir akavua kofia yake, akaanza kuikunja mikononi. Watoto walipotoka hakuinuka.

"Mwalimu," alisema, "somo hili nilishalisikia. Neno kwa neno. Bwenini kwetu, Saratov."

Haykuhi alikuwa anakusanya kete. Aliendelea kuzikusanya. "Alikufa lini?" akauliza.

"Hajafa, dada yangu. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Miguu imekufa, yeye mzima. Alitulisha kiapo sote tusikuambie."

Mimi nilikuwepo. Nilidhani ataanguka, nikamsogezea kiti. Hakukaa. Alimuuliza Arshavir jina la mtaa, kisha akaniambia, "Kesho ni zamu yangu ya kundi la wadogo. Utawachukua wewe. Somo linalofuata ni farasi." Katika miaka yote thelathini na sita, hiyo ndiyo likizo pekee aliyoomba katikati ya muhula.

Yaliyotokea Saratov alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa. Alimkuta katika chumba cha chini cha bweni la wafanyakazi, amekaa kitandani anamenya viazi vya wenzake. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na wao walimlisha. Alikuwa na mvi. Alipomwona mlangoni aligeuza uso ukutani.

"Nani kakuambia?"

"Zamu ilikuwa yangu," alisema Haykuhi. "Ulihamisha ngome, ukanyamaza. Nimekuja kucheza."

Zaven hakugeuka. Alisema kwamba alitoka nyumbani akiwa mtu wa kuilisha nyumba, na hawezi kurudi akiwa mdomo wa kulishwa. Alisema Haykuhi bado alikuwa kijana, kwamba alitaraji atasikia uvumi, atakasirika, ataolewa. Uvumi wa mke Mrusi aliueneza yeye mwenyewe.

Hapo ndipo Mwalimu wetu mpole alipopiga kelele mpaka milango ya ukumbi ikafunguliwa. "Miaka mitano, Zaven. Lusik alisimama na mimi kwenye theluji anahesabu mabasi. Ulidhani unanihurumia? Ulijihurumia mwenyewe."

Alikaa naye siku kadhaa. Kila asubuhi alimwambia turudi, na kila asubuhi Zaven alikataa. Mwishowe, akiwa ameshaanza kufunga begi lake, alimwambia jambo ambalo hakuwa amelipanga. Klabuni, alisema, wana shida. Watoto wapya wanashindwa na kila mtu, wanakata tamaa, wanaacha. Anahitaji mtu mzima anayejua kushindwa.

 Mabega ya Zaven yakaanza kutikisika, na Haykuhi akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa kazi hiyo," alisema, "umempata bingwa."

Alirudi Gyumri mwezi wa tano. Lusik hakuzungumza naye karibu majira yote ya joto. Alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka klabuni na kumrudisha, kimya, kila siku, mpaka siku moja akaingia anamgombeza kwa sauti kubwa kuhusu soksi, nasi tukajua yamekwisha. Klabu ilikuwa imeshapata jengo la mawe. Meza ya Zaven ikawa karibu na dirisha. Kila mtoto mpya, akishajua kete zinavyotembea, alipelekwa pale. Ndiyo maana karibu kila mtu aliyefunzwa sataranji hapa kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata, akiwemo dentisti wangu na polisi anayesimama kona ya soko, ushindi wake wa kwanza maishani aliupata kwa Zaven Torosyan.

Mwanzoni alishindwa kwa uwezo wake mwenyewe. Tulichelewa kugundua kwamba baada ya muda hali ilibadilika. Alikuwa ameshakuwa mchezaji mzuri. Alikuwa anabadilishana askari makusudi, anaiacha safu wazi, halafu anasubiri. Mtoto akichelewa kuiona, Zaven alijikunyata na kusema, "Kuna upepo unaingia upande huu, au mimi tu ninayeusikia?" Mtoto alitazama dirisha, akatazama ubao, kisha mkono wake ukaenda taratibu kwenye ngome. Kutoka upande wa pili wa chumba Haykuhi alijifanya hatazami.

Zaven alifariki majira ya baridi ya 2019. Mwalimu alirudi kazini wiki iliyofuata. Kitu kimoja tu kimebadilika, na wote tuliofanya naye kazi tumekisikia. Mtoto mpya anapomaliza masomo ya mwanzo, Mwalimu humshika bega na kumwambia, "Haya, sasa nenda ukacheze na..." Kisha hunyamaza. Huangalia huku na huku darasani, akachagua mtoto mwingine. Miaka mitano na zaidi, na bado sentensi ile huanza vilevile. Hatumkumbushi. Baadhi yetu tunaisubiri, kwa sababu kwa nukta moja, kabla hajanyamaza, inakuwa kama Zaven yupo.

Wanafunzi wake wengine wamekuwa mabingwa, na picha zao ziko ukumbini. Mtaziona mkipita. Wengi zaidi wamekuwa waokaji, wauguzi, mafundi wa umeme, mama na baba. Somo la sataranji lilipoingizwa mashuleni, walimu waliotumwa kwetu kujifunza namna ya kulifundisha waliketi kwenye madawati madogo, magoti yakigusa videvu, wakaanza na safu wazi kama mtoto mwingine yeyote.

Mwezi wa tisa Mwalimu anahamia Marseille kwa Lusik, ambako ana mjukuu aliyekwisha kumshinda mara mbili kwenye simu na anayedai ni mara tatu. Tulipomuuliza atakumbuka nini zaidi, alisema baridi. Kisha akasema hapana, si baridi. Akaomba kahawa nyingine, na hakurudi kwenye swali letu.

Mwalimu Haykuhi, asante kwa kuni, kwa mishumaa, kwa kututazama kila tulipochelewa. Asante kwa Zaven. Uendako tunakuombea afya, jua la kutosha, na meza ya kahawa yenye mtu wa kucheza naye. Maisha yakutendee wema uliowatendea watoto wetu.

Umetuomba tusikusindikize uwanja wa ndege. Ulisema umesimama sana upande wa wanaobaki, unaujua ulivyo, na hutaki mtu mwingine asimame pale kwa ajili yako. Tulikubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kushinda kwa kubishana nawe. Basi tunakujulisha hapa, kwa maandishi, sherehe imeshaanza na huwezi tena kutukatalia: tutakuja. Wote. Tutasimama pale kwenye ua wa waya mpaka ndege yako isionekane.

Nazeli Manukyan,
kwa niaba ya walimu na watoto wa klabu